Fomu ya Ruhusa ya Kupinga

Nchi ninayoisimulia ni nchi ya kupendeza, na mtu asije akanitafutia balaa kwa kudai kwamba anaijua. Haina bahari, haina jirani mkorofi, haina upinzani, na tangu ipate uhuru haijapigana vita hata mara moja. Jeshi lake lakini ni kubwa, kwa sababu nchi iliyotulia namna hiyo ni lazima ilindwe sana. Nililitumikia jeshi hilo miaka miwili na miezi mitatu, nikiwafundisha maofisa mdahalo na ushawishi kwa lugha ya Kiingereza, na yote nitakayoyasema hapa nayasema kwa kulisifu.

Chanzo cha kazi yangu kilikuwa safari. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Kihongole, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa amani wa siku tatu. Kila alipoulizwa jambo kwa Kiingereza alijibu kwamba ndiyo, maana neno hilo alikuwa analijua barabara na alilitamka kwa sauti nzito ya kuvutia. Aliporudi nyumbani, barua zikaanza kumfuata. Ikaonekana amekubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa mwambao. Amekubali pia kupeleka kikosi kwenye kisiwa fulani cha barafu. Na siku ya mwisho, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa amekiri kwa niaba ya taifa kosa la kuuchoma moto mji mmoja ambao sisi hatujawahi hata kuusikia.

Jenerali hakukasirika. Alitangaza redioni kwamba tumeshambuliwa kwa maneno, kwamba maneno kwa hiyo ni silaha, na silaha huwekwa ghalani na kugawiwa kwa utaratibu. Amri ikatoka: maofisa wote kuanzia luteni kwenda juu wajifunze kubishana kwa Kiingereza, kushawishi kwa Kiingereza na, inapobidi kabisa, kukataa kwa Kiingereza. Chuo kikafunguliwa kwenye kambi ya Mlowezi, ndani ya jengo lililokuwa stoo ya viatu. Harufu ya ngozi haikutoka kamwe, na hadi leo nikisikia Kiingereza kizuri hunijia harufu ya buti mpya.

Mwalimu akatafutwa, wakanipata mimi, Zakaria Mtengule, wa shule moja ya sekondari ya wasichana, mlezi wa klabu ya mdahalo kwa miaka kumi na tisa. Wasichana wangu walikuwa moto. Waliwahi kumbishia mkuu wa mkoa mpaka akasahau alichokuja kufungua. Watu walinishangaa nilivyokubali kwenda kambini upesi hivyo, nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na minane, lakini nilikuwa na sababu yangu. Mke wangu, Skolastika, alikuwa ameaga dunia miaka miwili kabla. Mama yule hakuwahi kukubaliana nami kwa lolote. Nikisema mvua itanyesha, anaanika nguo. Nikisema chumvi imezidi, anaongeza. Tuliishi hivyo miaka ishirini na sita kwa raha zetu. Alipoondoka, nyumba nzima ikaanza kukubaliana nami, viti na vikombe na kuta, na mimi jambo hilo lilinishinda. Nikasema moyoni, huko kambini kuna watu ishirini na wanne walioamriwa na serikali kubishana na mimi. Nikafunga mizigo siku ileile.

*

Darasa la kwanza nilichagua hoja nyepesi, ile niliyozoea kuwapa wasichana wa kidato cha kwanza: kwamba ng'ombe ana manufaa kuliko mbuzi. Meja mmoja mnene nikampa upande wa ng'ombe, kapteni mmoja mwembamba nikampa mbuzi. Waliyoyasema waliyasema kwa Kiingereza. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili, na makosa yao nimeyaacha kulekule kambini. Meja akasimama, akasema ng'ombe ni mkubwa. Akakaa. Kapteni akasimama, akapiga saluti, akasema amemsikiliza meja kwa makini na upande wa mbuzi hauna la kuongeza. Darasa likapiga makofi matatu, kwa amri.

Nikadhani tatizo ni vyeo, nikawasimamisha makapteni wawili. Wakatazamana kidogo, kisha mmoja akamwuliza mwenzake kwa upole alipata kamisheni lini. Ikaonekana amemtangulia kwa siku kumi na moja. Yule wa nyuma akakaa chini kabla sijatangaza hoja. Nikatafuta waliopata kamisheni siku moja. Hao nao wakaulizana ni nani aliyevishwa nyota kwanza kwenye mstari. Ndipo nilipoelewa kwamba katika jeshi lote la nchi ile hapakuwa na watu wawili walio sawa. Kila mtu aliamka asubuhi akijua anakubaliana na nani na nani anakubaliana naye. Yalikuwa maisha ya amani kweli, ila yalikuwa magumu kuyafundishia.

Aliyepata dawa ni mkuu wa chuo mwenyewe, Kanali Mtandika, mtu mrefu asiyependa maneno, na nadhani ndiyo maana alipewa chuo cha maneno. Alibuni Fomu ya Ruhusa ya Kupinga, kurasa mbili, nakala tatu. Mdogo anayetaka kumpinga mkubwa huijaza siku tatu kabla. Huandika jina lake, namba yake, maoni ya mkubwa anayokusudia kuyapinga, muda atakaotumia, na saa atakayorejea kwenye maoni ya kawaida. Anayeweka saini ni yule atakayepingwa. Chini kulikuwa na sehemu ya kiwango cha kupinga, visanduku vitatu: kidogo, wastani, sana. Fomu zilipoletwa kutoka kwa mchapaji, Kanali akazitazama, akaagiza kalamu nyekundu, akakaa ofisini siku mbili akikifuta kisanduku cha sana kwenye kila fomu, fomu elfu mbili, kwa mkono wake. Sijapata kumwona kiongozi mwenye bidii kama ile.

Basi mambo yakaenda. Ukipita nje ya darasa ungemsikia luteni akisema kwamba, kwa idhini aliyopewa tarehe nne, anampinga meja kidogo kuhusu mbuzi, na kwamba ifikapo saa tano na robo ataona kama meja anavyoona. Niliandika kwenye ripoti kwamba kuna maendeleo.

Ushawishi ulikuwa rahisi zaidi. Nilitoa zoezi kwamba kila ofisa aende sokoni Mlowezi, amshawishi raia mmoja kwa maneno matupu afanye jambo ambalo hakukusudia kulifanya. Kanali Mtandika naye alitaka kujaribu. Alikwenda kwa mama mmoja muuza vitunguu ili aihamishe meza yake isiizuie njia ya gwaride, na baada ya robo saa akarudi uso umemng'aa. Alisema amezungumza mara moja tu na mama ameshawishika, na mstari mzima wa meza umeshawishika pamoja naye, hata wauza dagaa ambao hawakuulizwa. Nikamwuliza kama alikwenda peke yake. Akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilifundisha kuwa hoja isiyo na mifano haina uzito, kwa hiyo alibeba mifano thelathini, kwenye lori, yenye helmeti. Nikampa alama sabini na nane. Na nyie mngempa ngapi?

*

Hayo ya darasani niliyavumilia. Kilichonipa taabu ni bwalo la chakula. Katika bwalo la maofisa wa nchi ile, mazungumzo huanza juu yakashuka. Mkubwa akisema neno, aliye chini yake anaweza kulijibu, na aliye chini ya huyo anaweza kucheka. Mkubwa asiposema, watu hutafuna. Sasa mimi raia niko juu ya nani, na chini ya nani? Wakafungua kitabu cha kanuni. Raia ametajwa mara mbili tu humo, mara moja kwenye sura ya uokoaji na mara moja kwenye sura ya watu wasioruhusiwa kuingia. Wakaona heri tahadhari. Nikapewa meza yangu karibu na mlango wa jikoni, na juu yake kibao kilichoandikwa RAIA, ili mtu asije akanisemesha kwa bahati mbaya.

Nilikula pale miezi minne. Jamani, upweke wa mtu aliyebaki nyumbani kwake ni upweke wa kawaida, unauzoea, unauwashia redio. Lakini kula wali katikati ya watu mia moja na hamsini wanaosubiri ijulikane kama una cheo, huo ni upweke wa kiserikali. Una muhuri. Nilikuwa nikirudi kwenye nyumba namba tisa nilikopangiwa, nasema sentensi moja kwa sauti ili nihakikishe koo bado linafanya kazi.

Nikaandika barua makao makuu. Sikuomba makubwa, niliomba mtu wa kuniambia habari za asubuhi. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, nalo lilikuwa la ukarimu kupita kiasi. Nimepewa cheo cha Kanali wa Muda wa Lugha. Wakaniletea sare iliyopwaya mabegani na kofia iliyonibana. Kibao kikaondolewa, nikahamishiwa meza ya makanali, ambayo ilikuwa na kanali mmoja tu, Mtandika, na huyo hakuwa anazungumza wakati wa kula. Baadaye niligundua kwamba hakuwa anazungumza hata baada ya kula.

Na huko chini sasa kila mtu alikubaliana na mimi. Nilimwambia mpishi maharage yameungua, akasema yameungua, afande. Kesho yake nikamwambia maharage yaleyale ni matamu, akasema ni matamu sana, afande. Nilikwenda kwa kinyozi, nikamwuliza anaonaje, apunguze au anyoe zote. Akasema anaona kama ninavyoona. Nikamwambia mimi sioni kitu. Akasema hata yeye. Tukakaa pale, yeye na mkasi, mimi na shuka shingoni, hadi adhuhuri.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba jua huchomoza magharibi. Nikawatazama. Kalamu zikaenda. Yule meja mnene aliandika, kisha akapigia mstari. Nilitaka kulia, na si kwa mfano.

Ndipo mkono ukanyooka kule nyuma, kwenye rafu zilizokuwa za viatu vya namba kubwa.

"Mwalimu," akasema. "Si kweli."

Alikuwa Luteni Nyamizi Lutobola wa kikosi cha mawasiliano, mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, mwenye sauti ndogo na kovu dogo kwenye kidevu. Akaja mbele na fomu yake. Alikuwa ameijaza siku tatu zilizopita bila kujua nitasema nini, na pale panapotakiwa kuandikwa maoni yatakayopingwa aliandika: yoyote atakayoyakosea. Nikaweka saini mbele ya darasa zima.

*

Nyamizi alikuwa ametumikia redioni miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya wakubwa na kuyapeleka kwa wadogo kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na ya wadogo kuyapeleka juu vilevile. Aliniambia kwamba kwa miaka sita hakuwahi kusema neno lake mwenyewe kazini hata moja. Aliniambia hivyo akitabasamu, kwa namna ambayo sikuweza kutabasamu naye.

Tangu siku ile, kila saa kumi alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, tulikaa kwenye baraza ya ile stoo tukabishana, fomu ikiwa mezani chini ya jiwe ili upepo usiichukue. Tulibishana kama viazi vitamu ni chakula au ni kitafunio. Tulibishana kama aliyechelewa mkutanoni abishe hodi au aingie kimyakimya. Tulibishana kama mimi ninakijua Kiingereza kama ninavyojidhania, na hapo alinishinda kwa ushahidi. Hakunionea huruma hata chembe. Maofisa wengine wote waliniita afande. Yeye aliendelea kuniita Mwalimu, kwa sababu alisema cheo nilipewa ila ualimu niliusomea. Kwa mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika vizuri, natembea peke yangu huku natafuta jibu ambalo ningempa. Nasema wazi: nilifurahi. Sikuwa na mtu mwingine.

Sifa za chuo zikafika mbali. Nchi rafiki ikatuma wageni kuja kuona, maofisa saba na mabingwa wawili wa midahalo, na Jenerali Kihongole akaamua kwamba utafanyika mdahalo mkubwa mbele yao. Hoja aliichagua mwenyewe: kwamba jeshi hili halijawahi kukosea. Meja mnene akapewa kuunga mkono, akashukuru machozi yakimlengalenga. Kikabaki kiti cha kupinga. Asubuhi ya kupangwa majina, wanafunzi wangu ishirini na wawili wakaugua kwa mpigo. Daktari wa kambi alishangaa sana kuona homa inayoanzia kwa luteni-kanali ikishuka kwa mpangilio. Ukimtoa meja, mzima alikuwa mmoja tu, Luteni Nyamizi. Jenerali akamwekea saini yeye mwenyewe, akicheka: dakika saba, kiwango cha wastani.

Siku mbili kabla ya mdahalo Nyamizi alikuja barazani akakaa, hakubishana. Akanieleza atakayoyasema. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia anaweza kusema mengine, kuna makosa madogo madogo ya kutosha, kama yale mahema yaliyoshonwa bila mlango. Akasema hayo hayakumfanya akose usingizi.

"Mwalimu, nikipata matatizo utanitetea?"

Niliona aibu kuulizwa. Nikamwambia nimewatetea ng'ombe na mbuzi miaka kumi na tisa, nishindwe kumtetea mtu? Nitasimama na hoja tatu na hitimisho.

"Tatu ni nyingi," akasema. "Moja inatosha, ukiisema."

*

Siku yenyewe uwanja wa gwaride ulifungwa maturubai. Meja alieleza kwa dakika saba kwamba jeshi halijawahi kukosea, kwa sababu lingekosea lingetangaza. Makofi matatu yakapigwa kwa amri. Kisha Nyamizi akasimama, bila karatasi, na sauti yake ileile ndogo, ikabidi watu wainamishe vichwa mbele ili wamsikie.

Alisema mfano wake ni mmoja. Masika ya mwaka juzi, kwenye mazoezi, Jenerali aliamuru kombania moja ivuke Mto Mbaruti. Kapteni aliyekuwa ukingoni alijibu kwa redio kwamba maji yamepita juu ya nguzo za daraja. Aliyelipokea jibu lile ni yeye, Nyamizi, akalipeleka juu kama lilivyo. Likashuka neno moja, vukeni. Akalipeleka chini kama lilivyo. Kombania ilivuka, na watu kumi na mmoja hawakufika ng'ambo. Taarifa rasmi ilisema wamechaguliwa kwenda kwenye mafunzo marefu ya kuogelea, na hadi leo kila sikukuu familia zao hupokea kadi za salamu zilizotiwa saini kwa niaba yao.

"Nilijua mto umejaa," akasema. "Nilikuwa na sekunde nne kabla ya kubonyeza. Sikumpinga mtu, kwa sababu sikujua kwamba inawezekana. Nimefundishwa hapa."

Kisha akataja majina kumi na moja, moja moja, na kijiji cha kila mmoja. Alipomaliza ilikuwa imebaki nusu dakika. Hakuitumia, akakaa.

Hakuna aliyeamuru makofi. Wageni walisimama kwanza. Wakafuata wapishi kwenye dirisha la jikoni, wakafuata maluteni waliosahau kwamba wanaumwa, wakafuata makapteni na mameja, wamechanganyikana, mdogo mbele ya mkubwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi ile. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Jenerali Kihongole alipiga taratibu, akawa wa mwisho kuacha. Akampa Nyamizi mkono mbele ya kamera, akawaambia wageni kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja kwamba huu ndio uhuru wa nchi yake. Nilijivunia sarufi yake.

*

Wageni waliondoka Jumanne. Jumatano asubuhi baraza la nidhamu likakaa.

Msidhani walimshitaki kwa kupinga. Nchi ile inaheshimu saini, na saini ilikuwa ya Jenerali mwenyewe. Shitaka lilikuwa la kiufundi: kwamba Luteni Nyamizi alipewa ruhusa ya kupinga kwa wastani, lakini yeye akapinga sana. Jambo la namna hiyo haliwezi kuamuliwa na mtu yeyote tu. Linahitaji mtaalamu, na mtaalamu katika nchi nzima alikuwa mmoja. Katibu wa baraza alinieleza utaratibu kabla sijaingia. Nikisema ilikuwa wastani, shitaka linafutwa na luteni anarudi kikosini. Nikisema ilikuwa sana, anahukumiwa. Maoni yangu ndiyo yatakuwa uamuzi, maana wajumbe wote waliapa kwamba hawajui lolote kuhusu viwango.

Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni. Nilikuwa nimekesha nazo usiku uliotangulia, na zilikuwa kazi nzuri, mnaweza kuniamini kwa hilo. Nyamizi alikuwa amesimama pembeni, bila kofia, mikono nyuma. Aliniona nikiingia, akatulia, kama mtu aliyeona gari alilokuwa akilisubiri. Jenerali alikuwa kwenye kiti cha kati. Na kwa kuwa katika nchi ile mazungumzo huanza juu, alianza yeye.

"Mimi naona alipinga sana," akasema, kwa upole kabisa. "Kanali wa Lugha, wewe ndiye unayejua. Unaonaje?"

Sitaki kuwaongopea. Hakuna aliyenishikia bunduki. Hakuna aliyenitisha kwa jela. Nilimtazama Jenerali, nikaona ananitazama kama mtu anayenifahamu, anasubiri neno langu, ananiita kwa cheo changu, na pembeni yake kuna kiti kitupu walichoniandalia mimi. Nilikuwa nimekaa muda mrefu sana bila kuandaliwa kiti na mtu. Mkono ulikuwa mfukoni, umezishika karatasi.

"Nakubaliana nawe, afande."

Nililitamka vizuri, kila silabi mahali pake. Katibu akaandika. Jenerali akanionyesha kiti, nikakaa. Shauri lote lilichukua dakika nne, na wajumbe wakasifu jinsi utaalamu unavyookoa muda. Luteni Nyamizi alivuliwa nyota moja na kupelekwa kituo cha Nyasi Ndefu, mpakani, miaka mitatu, peke yake, kulinda redio inayopokea tu. Sehemu ya kusemea ilikuwa imeondolewa kwa ajili ya usalama wake. Mimi nilipewa barua ya pongezi. Sikumtazama alipokuwa anatolewa, kwa hiyo siwezi kuwaambia alikuwa na uso gani.

*

Alhamisi saa kumi alasiri lori la mpakani lilikuwa limesimama getini. Nilikwenda mbio, nimeshika kofia mkononi. Nyamizi alikuwa amesimama kando ya gurudumu la nyuma na begi lake, anasubiri dereva amalize kusainiwa kibali cha kutoka.

Nikazitoa karatasi. Sikusalimia wala sikuomba radhi; nilijua nikianza kuomba radhi nitaishia hapo. Nikaanza kumtetea, palepale getini, kwa Kiingereza, mbele yake na mbele ya mlinzi mmoja aliyekuwa akila mua. Hoja ya kwanza, kwamba sauti yake haikupanda hata mara moja, na kipimo cha ukali ni sauti. Hoja ya pili, kwamba hakuzidisha muda, bali alirudisha nusu dakika kwa serikali. Hoja ya tatu, kwamba kisanduku cha sana kilifutwa kwenye fomu zote elfu mbili, na mtu hawezi kufikia kiwango ambacho hakipo. Kisha hitimisho. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu, wala sitasema tena. Dereva alizima injini ili asikie. Mlinzi aliacha kutafuna. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye ukosi wa ile sare iliyopwaya.

Nilipomaliza nikabaki nahema, nikimsubiri. Hoja yangu ya pili ilikuwa dhaifu, na nilijua kwamba ameuona udhaifu wake. Nilitaka aikate. Nilitaka aseme hizi zote ni bure, ningesema moja tu, jana, mahali pake. Aseme mimi ni mwoga, aniite jina lolote, anitukane na marehemu baba yangu. Ningemwekea saini kwa kiwango chochote anachotaka. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia tafadhali, nipinge.

Aliliweka begi chini. Akabana visigino, akanyoosha mgongo, akatazama mahali fulani juu kidogo ya kichwa changu.

"Nakubaliana nawe, afande," akasema.

Akapiga saluti. Akabaki ameinua mkono vile, uso hauna neno, kwa sababu utaratibu haumruhusu mdogo kushusha mkono kabla mkubwa hajaipokea. Nikavaa kofia yangu, nikaipokea.